UZI: Jalada halina sahihi wala jina, utamjuaje aliyelichora? (Wapenzi wa katuni za zamani tukutane hapa)

#1 KurasaZaNjano

Wakuu, salaam kwenu.

Nimekulia Tanga, nyumba ya pili kutoka kwa shangazi yangu aliyekuwa anapaka maharusi hina na piko. Siku ya shughuli, bibi harusi akinyoosha mikono tu, utasikia wanawake wanaambiana: "Huu mkono wa fulani." Hakuna aliyesaini. Ila jani la fulani linaanza nene kwenye kikonyo na kuishia kwenye ncha iliyopinda, la mwenzake limenyooka. Shangazi akionyeshwa kazi ya mtu alikuwa haangalii lile ua kubwa la kati, kwa sababu pale kila mpakaji anajitahidi. Alikuwa anaangalia vidoleni, karibu na kucha, mahali ambapo mtu ameshachoka na anataka amalize aende zake.

Sasa hivi niko Ohio, Marekani, na jambo lilelile limenirudia kwa njia ya vitabu vya katuni. Mwezi uliopita jirani alikuwa anauza vitu vya marehemu baba yake, nikanunua boksi zima. Kufungua, nikakuta katuni za miaka ya 1940 na 1950: bata wa Disney, makauboi, hadithi za mapenzi. Majalada yake ni mazuri ajabu. Nikataka kujua nani kayachora. Ukurasa wa kwanza wa ndani una jina la mchapishaji, anwani yake na bei ya kulipia kwa mwaka. Mchoraji hayumo.

Nianze na kisa kinachonipa imani kwamba kazi hii inawezekana. Katuni za Donald Duck enzi hizo zilikuwa zinatengenezwa na Western Publishing na kutoka kwa nembo ya Dell, na jina lililoonekana lilikuwa moja tu: Walt Disney. Gazeti lao kubwa, Walt Disney's Comics and Stories, mwaka 1953 lilivuka nakala milioni 3 kwa mwezi. Katika mamilioni hayo ya wasomaji walikuwepo watoto, wasiojuana kabisa, ambao kila mmoja kwa macho yake aligundua kuwa bata hawa hawatoki kwenye mkono mmoja. Yupo mchoraji ambaye kwake mdomo wa bata ni kama midomo ya mtu: unabetuka, unakunjamana, unanyong'onyea. Kwa wengine mdomo umebandikwa tu usoni. Wakampa jina: yule mchoraji mzuri wa bata. Hawakujua anaitwa nani wala anaishi wapi, ila walimfuata toleo baada ya toleo.

Mwaka 1960 ndugu wawili wa California, John na Bill Spicer, wakafanikiwa kulipata jina lake: Carl Barks. John alipomwandikia barua, Barks alidhani kuna rafiki yake anamfanyia utani. Alikuwa amechora bata kwenye vitabu tangu 1942. Miaka 18!

Tahadhari moja, maana uzi huu ni wa majalada. Jalada na hadithi za ndani ni kazi mbili tofauti. Katika miaka ya 1940 kitabu kingeweza kuwa na hadithi ya Barks ndani na jalada la Walt Kelly nje, huyu ambaye baadaye alijulikana kwa katuni yake ya Pogo. Kelly alikuwa anatumia brashi, mstari wake unanenepa na kukonda kama maji yanayotiririka, na bata wake ni wa mviringo zaidi. Ukishamtambua wa ndani usikimbilie kusema na jalada ni lake.

Karibuni. Mwenye jalada lisilo na jina aweke picha, tulichambue pamoja.

#2 MsomajiKimya

Nimetandika mkeka hapa. Wajuvi shusheni nondo.

#3 DogoWaUbungo

Mkuu asante kwa elimu. Swali la mtu asiyejua: kwani ilikuwaje hawaandiki majina? Kazi umefanya mwenyewe, unaachaje kusaini?

#4 KurasaZaNjano

Dogo, chukua kanga ya mama yako uangalie kwenye pindo. Zipo zilizoandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya mfanyabiashara wa Mombasa. Aliyekaa akabuni lile korosho, akapanga pindo na mji, hajaandikwa popote. Watu wanaipenda kanga, wanaisoma jina lake, wanaigombania dukani, na mbunifu hawamjui. Katuni za Marekani zilikwenda hivyohivyo. Mhusika alikuwa mali ya kampuni, mchoraji alilipwa kwa ukurasa, na kampuni haikuwa na hamu ya kumfanya awe maarufu kisha aje kuomba nyongeza.

Palikuwepo pia pahala ambapo jina liliandikwa, lakini la mtu mwingine. Batman kwa miaka mingi alitoka na jina la Bob Kane, kwa sababu ya makubaliano yake na kampuni ya DC. Waliokuwa wanachora ni Jerry Robinson, Dick Sprang, Sheldon Moldoff na wengine. Sprang aliajiriwa mwaka 1941, kazi yake ikaanza kuonekana kwenye Batman namba 19 mwaka 1943, na msomaji wa kawaida hakupata kumsikia. Lakini mtu ukishamzoea humkosi: taya la Batman ni kama tofali, kifua kama pipa, na vitu vikubwa kuliko kiasi, mashine ya kuandika yenye ukubwa wa nyumba, watu wanapigana juu ya vibonyezo vyake.

Sahihi nayo inaweza kukupoteza. Alex Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, alichora mamia ya majalada ya mashujaa wakati wa vita. Baadaye alipoanza kupaka kwa bomba la kupulizia rangi akawa anasaini "Xela". Ni Alex, limegeuzwa tu. Asiyejua angefungua faili la mtu mpya.

EC, mchapishaji mwingine wa katuni, ni tofauti na hao wote. Wao waliacha wachoraji wasaini, na hata kuchapisha maelezo ya maisha yao vitabuni. Ndiyo maana mashabiki wa EC hawana tabu kama yetu.

#5 Nibu_na_Brashi

Mkuu KurasaZaNjano, uzi mzuri na nauheshimu, ila naomba niweke mchanga kidogo kwenye pilau, maana watu wataondoka hapa wakidhani ni jambo rahisi.

Unasema mkono. Mkono wa nani? Jalada la katuni ya Marekani mara nyingi limepita kwa watu wawili au watatu. Mmoja anachora kwa penseli, mwingine anapita juu kwa wino, na unachokiona kwenye karatasi iliyochapwa ni wino. Penseli ilishafutwa. Mchoraji wa penseli Jack Kirby, huyohuyo mmoja, akitiwa wino na Joe Sinnott anang'aa, mistari imenyooka kama chuma kilichopigwa msasa. Akitiwa wino na Vince Colletta anakuwa wa mikwaruzo myembamba ya nibu, na mara nyingine Colletta alifuta watu wa nyuma ili amalize haraka. Mtu asiyejua atasema hawa ni Kirby wawili.

Mfano ambao watu wamebishana miaka na miaka ni Fantastic Four namba 1, Novemba 1961. Ukurasa wa kwanza wa hadithi una majina ya Stan Lee na J. Kirby. Aliyetia wino hakuandikwa. Wengine wakasema Dick Ayers, wengine Christopher Rule. Leo wengi wa wanaochunguza mambo haya wamekubaliana ni George Klein, mtu ambaye miaka hiyo alikuwa anamtia wino Superman aliyechorwa kwa penseli na Curt Swan huko DC. Walifikaje? Kwa kulinganisha mikunjo ya nguo, nywele na jinsi weusi ulivyojazwa na kazi zake zenye uhakika. Klein mwenyewe alishafariki mwaka 1969, hakuna wa kumuuliza.

Halafu kuna zile studio. Jack Binder alikuwa na karakana New Jersey iliyokuwa ikiwalisha wachapishaji kama Fawcett. Kazi iligawanywa kama kwenye kiwanda: huyu anapanga ukurasa, huyu anachora wahusika wakuu, huyu watu wa pembeni, huyu majengo, huyu anatia wino. Hapo utasema mkono wa nani?

#6 KurasaZaNjano

Nibu, nimefurahi umekuja, na mchanga wako naupokea kwa mikono miwili. Ni kweli tupu. Kwa sababu hiyohiyo mimi nashikilia lile la shangazi: usiangalie ua la kati.

Katika karne ya 19 Italia alikuwepo mtu aliyeitwa Giovanni Morelli. Alisomea udaktari, kisha akavutwa na michoro ya zamani isiyo na majina makanisani na kwenye majumba ya makumbusho. Akasema uso wa Bikira Maria na mkao wa mwili mwanafunzi anaiga kwa bwana wake, kwa hiyo havitusaidii. Tazameni masikio. Tazameni kucha, na nyama ya kidole gumba inapoungana na kiganja. Hapo mchoraji hafikirii, mkono unakwenda wenyewe kwa mazoea. Kwa njia hiyo alibadilisha majina ya wachoraji kwenye michoro mingi. Nilipomsoma nilikaa kimya nikamkumbuka shangazi.

Kwenye majalada ya katuni mimi natazama hivi. Kwanza mikono. Vidole vya Kirby vina ncha za mraba, kana kwamba vimekatwa kwa patasi, na ngumi inayokuja kwako ni kubwa kuliko kichwa cha mwenye ngumi. Vidole vya Steve Ditko vimetawanyika, vyembamba, kila kimoja kinakwenda upande wake. Mkono wake unaongea hata ukiufunika uso. Hakuna mtia wino anayeweza kuficha hilo lote, maana umbo la mkono liko kwenye penseli. Gil Kane anapenda kumtazama mtu kutoka chini ya kidevu, mpaka matundu ya pua yanaonekana vizuri. Ukiona jalada la miaka ya 1970 ambalo shujaa anarushwa nyuma na unamwona puani, anza kumfikiria yeye.

Kisha naangalia nafasi zilizo tupu. Schomburg hawezi kuacha kona bila kitu: pale kuna mwanajeshi, pale mtambo, pale mtu anadondoka kutoka kwenye mtambo, na kila bati lina misumari yake. L. B. Cole kinyume chake anamwaga weusi mtupu nyuma na kuweka rangi kali mbele, jalada linakuita toka upande wa pili wa barabara. Kupanga nafasi ni tabia, na tabia ni ngumu kuificha.

Maandishi siyaachi, ila nayatumia kupata kampuni na miaka. Ira Schnapp aliandika vichwa na matangazo mengi ya majalada ya DC, ukimzoea yeye unajua uko nyumba gani kabla hujajua nani kachora.

Nywele, masikio, viatu na mikunjo ya nguo navitazama mwisho, kwa lenzi. Hapo ndipo mtia wino anapojitaja.

Na leo naweka picha. Hili ni jalada la mapenzi kutoka kwenye boksi langu. Mchapishaji ni St. John wa New York, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mbele yuko mwanamke amekaa kwenye mkono wa kiti, gauni la jioni, anatazama pembeni. Nyuma yake mwanamume amesimama mlangoni na koti lake la suti. Sahihi hakuna. Nimefunika jina la gazeti makusudi, sitaki mtu akimbilie kutafuta jibu kabla hajatazama.

#7 DogoWaUbungo

Daah, huyu dada kachorwa. Mimi nasema Kirby, kwa sababu Kirby na Joe Simon ndio walioanzisha katuni za mapenzi.

#8 Nibu_na_Brashi

Dogo, historia yako iko sawa, walianza na Young Romance mwaka 1947. Ila tazama vidole vya huyo mwanamke. Una mraba wowote hapo?

#9 DogoWaUbungo

Hamna. Vimelainika kama mshumaa. Nimekubali.

#10 BiCherehani

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi nipo Mombasa, katuni sizijui hata moja, mwanangu ndiye aliyenionyesha simu. Ila mimi nashona nguo mwaka wa 30 sasa, na nina neno juu ya gauni hilo.

Aliyechora gauni hilo anakijua kitambaa. Tazameni kiunoni. Mikunjo haikutupwa tu kama mistari ya kupamba, imeanza pale mwili ulipojikunja, ikapanuka kuteremka kwenye nyonga, ikapotea. Ndivyo hariri nzito inavyofanya mtu akikaa upande. Begani kitambaa kimevutika kwa sababu mkono umeinuliwa, na mvuto huo umefika mpaka kwapani. Pia sketi imekatwa mshazari, naiona inavyoanguka. Mchoraji asiyejua nguo humchora mwanamke kisha akampaka rangi ya gauni juu ya mwili. Huyu ameivisha nguo.

Sijui kama hilo lawafaa.

#11 KurasaZaNjano

Bi. Cherehani, shikamoo. Lafaa mno. Nimesoma maneno yako mara tatu huku nimelishika jalada.

Wewe ambaye hujui katuni hata moja umeeleza kile ambacho wachunguzi wanakisema juu ya mtu mmoja, na ndiye niliyekuwa namfikiria. Anaitwa Matt Baker. Naomba mnivumilie nimweleze kidogo, kwa sababu huyu ndiye sababu ya mimi kuuanzisha uzi.

Clarence Matthew Baker alizaliwa mwaka 1921 North Carolina, akakulia Pittsburgh, akasoma sanaa chuo cha Cooper Union, New York. Alikuwa Mmarekani mweusi, katika kazi ambayo weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Tangu utotoni moyo wake ulikuwa dhaifu. Mwaka 1944 akaingia studio ya Jerry Iger, iliyokuwa inachorea wachapishaji kadhaa. Kazi yake ya kwanza yenye uhakika iko kwenye Jumbo Comics namba 69, Novemba 1944, hadithi ya Sheena. Na humo alichora wanawake tu. Wengine waliobaki ni mikono ya watu wengine. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kumtafuta Baker ni kuchambua mchele na pumba ndani ya picha moja.

Jalada lake lililojulikana kuliko yote ni Phantom Lady namba 17, la mchapishaji Fox, Aprili 1948. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alilichapisha ndani ya kitabu chake cha kuzishambulia katuni kwamba zinaharibu watoto. Mwaka huohuo wachapishaji wakaunda kamati yao ya kukagua maadili, na nyumba nyingi za katuni zikafungwa. Fikirini: picha inakuwa ushahidi mbele ya taifa zima, watu wanaibishania, na aliyeichora hatajwi.

Akahamia St. John, na huko ndiko alikochora majalada mengi ya mapenzi. Wanawake wake hawako kwenye pozi la mwanasesere. Uzito wa mwili unaegemea mguu mmoja, bega moja limeshuka, na mtu wa tatu nyuma anatazama, nawe unajua hadithi nzima kabla ya kufungua. Alifariki Agosti 1959, akiwa na miaka 37. Mwaka 2009 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa Eisner, tuzo za watu wa katuni, miaka 50 baada ya kifo chake.

Sehemu kubwa ya orodha ya kazi zake tuliyonayo leo imejengwa na watu waliokaa na majalada kama tunavyokaa hapa. Si kwa hati za malipo. Ni kwa macho. Mtu mweusi aliyechora maelfu ya kurasa kwa moyo mgonjwa, akaondoka, na jina lake likarudishwa na wageni waliotazama kwa makini jinsi alivyochora nyonga na ukosi wa gauni. Mimi hilo linanigusa sana, sifichi.

#12 MzeeWaShelfu

Vijana, nawasalimu kutoka London. Niseme kosa langu lisije likawapata.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua katuni ya mambo ya kutisha, chapa ya Uingereza, rangi nyeusi na nyeupe ndani, haina tarehe popote. Kwa bei iliyoandikwa na hali ya karatasi nikakadiria ni ya miaka ya 1970. Nikamtafuta mchoraji wa miaka ya 1970. Nikalinganisha, nikapima, nikaandika maelezo kurasa nne, nikatoa na jina kabisa, nikawatumia wenzangu.

Kumbe ule mchapishaji alikuwa ananunua picha za zamani za Marekani na kuzichapa upya, na jalada lilikuwa limechorwa zaidi ya miaka 10 kabla. Yule niliyemtaja wakati huo alikuwa bado hajaanza kazi. Nilikuwa nimeshajiaminisha kiasi kwamba kila mstari niliouona ulinithibitishia.

Tangu hapo sianzi na mkono. Naanza na kujua kitabu kilichapwa lini mara ya kwanza na nani alikuwa anafanya kazi nyumba ile mwaka ule. Halafu ndiyo nafungua macho. Pia nachunguza kama picha imechotwa kwa mtu mwingine, maana walikuwa wananakiliana pozi bila haya. Alex Raymond na Hal Foster, waliokuwa wanachora kwenye magazeti, wamechotwa na kila mtu. Ukitazama pozi tu utasema Raymond kachora nusu ya majalada ya Marekani.

#13 Nibu_na_Brashi

Mzee, shikamoo, na asante kwa uungwana huo. Si wengi wanaoeleza kosa lao hadharani namna hiyo.

Naongeza mawili. Nyuso ndizo zinazodanganya kuliko kitu chochote, kwa sababu ofisi zilikuwa zinazichora upya. Kirby alipohamia DC mwaka 1970 akapewa gazeti la Jimmy Olsen, rafiki wa Superman, vichwa vya Superman alivyochora vilibadilishwa na Al Plastino, baadaye Murphy Anderson, ili vifanane na Superman waliyemzoea. Mwili wa Kirby, kichwa cha mwingine. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 Carmine Infantino alikuwa anasanifu majalada ya DC, anapanga nani akae wapi, kisha mwingine anachora. Ule mpangilio wa nafasi ambao mkuu KurasaZaNjano anauamini, pale ni wa Infantino hata kama kila mstari ni wa mtu mwingine.

La pili ni juu ya Baker. Simpingi. Ila kumbukeni Jack Kamen naye alipita studio ya Iger, naye alichora wanawake warembo kwa Fox kabla hajaenda EC. Wamechanganywa sana. Na wauzaji wanajua jina la Baker linapandisha bei, kwa hiyo siku hizi kila mwanamke mzuri wa St. John anaitwa Baker. Mkuu, una uhakika kiasi gani?

#14 KurasaZaNjano

Swali la haki. Kamen nimemweka pembeni kwa sababu nyuso zake zimetulia sana, safi, za mviringo, na nguo zake zimenyooka kama zimetoka kupigwa pasi. Hapa Bi. Cherehani ametuonyesha nguo inayofanya kazi. Lakini uhakika wa kuapa, sina.

Hapa napenda utaratibu wa Grand Comics Database, hifadhidata ya watu wa kujitolea iliyoanza mwaka 1994. Wasipojua wanaweka alama ya kuuliza. Wakikisia, wanaweka jina na alama ya kuuliza baada yake. Kama kuna sahihi kwenye picha, wanaeleza kuwa ipo. Msomaji anajua amesimama juu ya mwamba au juu ya mchanga. Kabla yao Jerry Bails wa Detroit, yule aliyeanzisha jarida la mashabiki Alter Ego mwaka 1961, alishirikiana na Hames Ware kutoa orodha ya watu wa katuni za Marekani, juzuu 4, kati ya 1973 na 1976. Waliwaandikia wachoraji wazee barua, wakawauliza walipokuwa bado hai. Ware alikuwa na jicho ambalo watu wa fani hii wanalitaja mpaka leo.

Na hati zinapopatikana, hati ndiyo inaamua. Julius Schwartz, mhariri wa DC, aliweka kumbukumbu za nani kaandika na nani kachora. Daftari la namna hiyo likisema kinyume na macho yangu, mimi ndiye ninayerudi kutazama upya.

#15 MsomajiKimya

Nimeshindwa kukaa kimya. Marehemu babu yangu aliniachia katuni mbili za kauboi za Dell, jalada limepakwa rangi kama picha ya ukutani, hakuna mstari wa wino hata mmoja. Hapo mnafanyaje?

#16 Nibu_na_Brashi

Hapo ni kugumu zaidi, wino haupo wa kukusemesha. Kwa kauboi mimi natazama farasi. Wachoraji wengi farasi wao ni mbwa mkubwa mwenye tandiko. Sam Savitt, aliyewachorea Dell majalada mengi, alikuwa mtu wa farasi kwelikweli, mpaka akawa mchoraji rasmi wa timu ya Marekani ya wapanda farasi. Ukiona magoti ya farasi yanakunjwa panapostahili, kwato inatua kwa pembe sahihi na shingo ina misuli inayovuta hatamu, muweke kwenye orodha yako. Kwa mambo ya kubuni ya mchapishaji Gold Key ya miaka ya 1960, kama Turok na Doctor Solar, mtafute George Wilson. Weka picha ya miguu ya farasi, sura ya kauboi hatuna shida nayo.

#17 BiCherehani

Mwanangu KurasaZaNjano, marhaba. Nimerudi kwenye picha yako usiku huu, nimeikuza kwenye simu mpaka macho yamewasha.

Nina shaka na yule bwana wa mlangoni. Koti lake halikushonwa na mtu aliyeshona gauni. Mkono wa koti umekunjwa kwenye kiwiko, lakini mikunjo imepigwa mitatu sawasawa, kama ngazi, ndani na nje ya kiwiko pia. Kitambaa hakikunjiki nje ya kiwiko, hapo hunyooka. Kola nayo imelala bapa, haina shingo ndani yake. Kwa fundi mmoja kuipata hariri vile na kuikosa suti namna hii, mimi sioni. Ama alichoka, ama ni mtu mwingine.

#18 KurasaZaNjano

Nimetoka kulitazama kwa lenzi chini ya taa.

Ni kweli, Bi. Cherehani. Mikunjo mitatu, sawasawa. Na wino wenyewe ni tofauti: kwenye gauni mistari inanenepa katikati na kukonda mwisho, hiyo ni brashi. Kwenye koti mistari yote ina unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, hiyo ni nibu. Fremu ya mlango pia ni nibu. Nimelitazama jalada hili wiki nne, kila siku, na sikuliona koti kwa sababu nilikuwa namtazama yeye tu.

Kila kitabu nakiweka kwenye bahasha ya plastiki na kipande cha karatasi nyuma. Kwenye hiki nilikuwa nimeshaandika jina moja kwa kalamu ya wino. Nimekitoa kile kipande, nimekata kingine, nimeandika kwa penseli:

Mwanamke: Matt Baker?
Mwanamume na mlango: ?

Jina la gazeti na namba ya toleo naviweka kesho asubuhi. Nibu, una majalada mangapi ya St. John ya mwaka huohuo? Tutafute makoti mengine yenye ngazi kwenye kiwiko.